Jinsi ya kutoa mafuta zaidi kwenye mwamba wa chokaa uliobana: mwongozo kamili, tukianzia na jiwe la Songwe

Mwezi uliopita vijana watatu walikuja kwangu hapa Uyole, wote wanasoma uhandisi wa petroli, wako likizo, na mmoja wao anatakiwa aandike projekti ya mwaka wa mwisho kuhusu mafuta yaliyokwama kwenye kabonati, yaani miamba ya jamii ya chokaa, zenye upenyezaji mdogo, zisizopitisha vimiminika kirahisi. Akaniambia anko, kila nikifungua vitabu nakutana na milinganyo tu, sielewi hata naanzia wapi. Mimi nimefanya kazi maabara ya miamba miaka mingi nje ya nchi kabla sijarudi nyumbani, kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kukaa na kipande cha jiwe na kukiuliza mafuta yako utayaachia vipi, kwa hiyo nikawaambia tusianze na kitabu, twendeni Songwe tukaokote mawe. Haya nayoandika hapa ndo tuliyofanya na kuongea kwa siku kadhaa, nimeyapanga kwa hatua ili na wengine mnaosoma fani hii mpate pa kushika.

Niseme wazi mapema kwamba Mbeya hatuchimbi mafuta. Bonde la Rukwa vilichorongwa visima viwili mwaka 1987, Ivuna-1 na Galula-1, havikupata mafuta ya kuuza. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay iko kwenye miamba ya mchanga, na mafuta ya Hoima kule Uganda yatakayopita kwenye bomba mpaka Chongoleani Tanga nayo ni ya mwamba wa mchanga. Ndo maana vijana wetu wengi wanamaliza chuo wakiujua mchanga vizuri na chokaa hawaijui kabisa, halafu wanaomba kazi Saudi Arabia, Oman, Falme za Kiarabu au Norway, na huko kuna mafuta mengi yaliyomo kwenye chokaa, dolomaiti (ndugu wa chokaa mwenye magnesiamu) au chaki (chokaa laini ya chembe ndogo sana). Ni pengo kubwa na linaniuma kwa sababu linazibika.

Tatizo lenyewe ni hili

Chukua mfano wa Mbozi. Kahawa iko vijijini ndani huko, barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita Vwawa, malori yanapita usiku na mchana. Ukiongeza malori kwenye lami kahawa haitoki, kwa sababu shida iko kwenye njia ya kutoka shambani mpaka lami. Mwamba wa chokaa uliobana uko hivyo hivyo. Mafuta yamekaa kwenye vitundu vidogo sana ndani ya jiwe, hicho ndo kijiji, na mwamba huo huo mara nyingi una nyufa, hizo ndo lami. Ukisukuma maji kwa nguvu yanapita kwenye nyufa fasta yanatokea kisima cha upande wa pili, wewe unaona maji yanatoka unadhani mafuta yameisha, kumbe vijiji vyote viko na kahawa yao ghalani.

Kwa hiyo una mambo matatu tu ya kufanya: utengeneze njia za kutoka kijijini, usogeze kituo cha kununulia karibu na shamba, au umpe mkulima sababu ya kuileta kahawa mwenyewe. Kila mbinu utakayoisoma, hata iwe na jina refu kiasi gani, inaingia kwenye mojawapo ya hizo tatu. Na huwezi kujua uchague ipi kabla hujalijua jiwe, hapo ndo watu wanapopoteza hela.

Hatua ya 1: Lipime jiwe

Songwe kuna chokaa iliyowekwa na maji ya chemchemi za moto, ndo ile ile inayolisha kiwanda cha saruji. Haifanani kwa asili na chokaa ya mafuta, ile ya mafuta kwa kawaida imetokana na mabaki ya viumbe wa baharini, lakini madini ni yale yale, kalisaiti, kwa hiyo kwa kujifunza inatosha kabisa. Chagua kipande kilichoshikana, usichukue chenye matundu makubwa unayoyaona kwa macho kwa sababu maji yatamwagika ukikiinua.

Kianike mpaka kikauke kabisa, sisi tulikiweka karibu na jiko la mkaa siku nzima, halafu kipime kwenye mzani. Kiweke ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kikae siku mbili tatu, utaona vipovu vinatoka vidogo vidogo, hiyo ni hewa inapisha maji. Kitoe, kifute juu juu kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kikavu kitanyonya maji ya ndani, pima tena. Mwisho pima ujazo wa jiwe zima kwa kulizamisha kwenye chombo chenye alama na kuangalia maji yamepanda kiasi gani.

Sema jiwe kavu lina gramu 412, likiwa limeshiba maji gramu 431, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 171. Tofauti ni gramu 19, yaani sentimita za ujazo 19 za nafasi tupu, ukigawa kwa 171 unapata kama asilimia 11. Hiyo ndo nafasi ya kuhifadhi mafuta. Sasa usiishie hapo, fanya na hesabu ya ukaguzi: toa 19 kwenye 171 inabaki 152, gawa 412 kwa 152 unapata 2.71. Kalisaiti safi ina uzito wa gramu 2.71 kwa kila sentimita ya ujazo, dolomaiti ni kama 2.87, kwa hiyo namba yako ikija 2.71 ujue ni chokaa na umepima vizuri, ikija 2.4 ujue kuna vitundu maji hayajafika. Vijana wangu mara ya kwanza walipata ndogo kwa sababu walilitoa jiwe usiku wa kwanza, tukalirudisha.

Nafasi ya kuhifadhi ni kitu kimoja, upenyezaji ni kingine. Upenyezaji tunaupima kwa kipimo kinachoitwa dasi, jina la Henry Darcy, Mfaransa aliyechapisha kazi yake mwaka 1856 akishughulika na maji ya mji wa Dijon na vichujio vya mchanga. Mwamba mzuri una mamia ya milidasi, na milidasi ni sehemu ya elfu ya dasi. Miamba tunayoiongelea ina milidasi moja, mbili, au sehemu ndogo ya moja. Ili uione hiyo moja, chukua kipande cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 3.8 na urefu wa sentimita 5, sukuma maji kwa tofauti ya presha sawa na ile ya hewa tunayopumua ilivyo usawa wa bahari. Kwa saa nzima yatapita kama mililita 8, hata vijiko viwili vya chai havifiki. Ikiwa ni milidasi 0.1 ni chini ya mililita moja kwa saa. Mpe msomaji wa projekti yako mfano kama huo, ataelewa zaidi ya kumwandikia namba tupu.

Hatua ya 2: Zitafute nyufa kabla hazijakutafuta wewe

Hapa nina kidonda. Kuna kazi moja nilikuwepo, sitaitaja kampuni, kisima kilikuwa kinatoa mafuta kidogo, wakubwa wakaamua kipigwe asidi haraka kwa sababu mtambo ulikuwa tayari pale saiti na kila siku unakula hela. Sisi maabara tulikuwa tumeandika kwamba kuna vipande vya mwamba vimetoka na ufa unaoelekea chini kwenye maji. Ripoti haikusomwa. Asidi yote ikaingia kwenye ule ufa, ikaupanua, na baada ya hapo kisima kikawa kinatoa maji mpaka kikafungwa. Kilichouma zaidi ni kwamba habari ilikuwepo mezani.

Kwa hiyo tafuta. Anza na vya bei rahisi: daftari la wachorongaji, angalia sehemu ambazo tope la kuchorongea lilipotelea chini, hapo pana ufa au pango. Angalia vipande vya mwamba vilivyotolewa kisimani, tofautisha nyufa za asili, zenye madini yameota pembeni au madoa ya mafuta, na zile zilizovunjika wakati wa kutoa jiwe. Halafu picha za ukuta wa kisima. Halafu funga kisima upime presha inavyopanda, kama mwamba una nyufa na vitundu kwa pamoja mara nyingi mchoro wake unaonyesha nyufa zinajibu kwanza halafu vitundu vinafuata baadaye, wazo ambalo Warren na Root waliliweka kwenye hesabu mwaka 1963. Na kama kuna visima viwili au zaidi, weka kemikali ya kufuatilia kwenye kisima cha kusukumia maji uangalie inatokea wapi na baada ya muda gani. Ikitokea baada ya siku chache wakati hesabu ya mwamba wenyewe inasema miaka, umeshajua una lami.

Hatua ya 3: Jiwe linapenda nini, maji au mafuta

Hii ndo hatua ambayo nikipewa nafasi ya kufundisha moja tu nitafundisha hii.

Chovya andazi kwenye chai, chai inapanda yenyewe, hakuna anayeisukuma. Jiwe linalopenda maji liko hivyo, likigusa maji linayavuta ndani na mafuta yanatolewa nje bila pampu. Huyo ndo mkulima anayeleta kahawa mwenyewe. Lakini chokaa nyingi za mafuta zimegeuka, zinapenda mafuta. Sababu ni kwamba uso wa kalisaiti kwenye maji ya huko chini mara nyingi unabeba chaji chanya, na mafuta ghafi yana asidi zake za asili zenye chaji hasi, zinajibandika kwenye jiwe kwa mamilioni ya miaka mpaka ukuta wa kitundu unakuwa kama umepakwa grisi. Maji yakifika mlangoni hayaingii. Utafiti uliochapishwa na Treiber na wenzake mwaka 1972 ulipima sampuli za hifadhi nyingi, yaani miamba ya chini ya ardhi iliyoshika mafuta, na sehemu kubwa ya kabonati zikaonekana ziko upande wa kupenda mafuta.

Unaweza kuliona hili nyumbani. Chukua vipande viwili vya jiwe moja, vikaushe. Cha kwanza kiloweke kwenye mafuta ya taa siku mbili. Cha pili kiloweke kwenye mafuta ya alizeti wiki nzima mahali penye joto, halafu kihamishie kwenye mafuta ya taa siku mbili nyingine, ili vyote viwili mwisho viwe na mafuta ya taa ndani na tofauti iwe ni ule ukuta tu uliopakwa asidi za alizeti. Fanya nje kwenye hewa, mbali na moto, mafuta ya taa si mchezo. Futa vipande, viweke kila kimoja kwenye glasi yake ya maji, usiguse.

Sisi tuliviweka dirishani. Asubuhi yake kipande cha kwanza kilikuwa kimeota matone upande wa juu, madogo kama jasho kwenye pua, yanakua, yanaachia, yanapanda juu ya maji na kutengeneza utando. Cha pili kilikuwa kimekaa tu. Tone moja kwenye kona, basi. Kijana mmoja akachukua kipande cha tatu kilichopakwa alizeti akadondoshea tone la maji juu yake, likakaa duara kama umande kwenye jani la gimbi, akalisukuma kwa kijiti linateleza haliingii. Akanyamaza, akaangalia lile la kwanza linavyotoa matone, akasema kwa hiyo anko hata ukisukuma vipi hapa haliingii. Nikamwambia hapo umeshaandika sura ya kwanza ya projekti.

Maabara wanafanya hivyo hivyo kwa uangalifu zaidi, wanatumia mafuta ya hifadhi husika na maji yake, wanaliweka jiwe kwenye joto la huko chini kwa wiki kadhaa lizeeke, halafu wanapima kiasi kinachotoka chenyewe na kiasi kinachotoka kwa kusukumwa. Ukiona ripoti ambayo jiwe limesafishwa kwa dawa kali na halikuzeeshwa tena kwenye mafuta, usiamini namba zake za maji kuingia, jiwe lililosafishwa linadanganya.

Jambo jingine la kushika: muda wa maji kuingia kwenye bonge la mwamba unakua kwa mraba wa ukubwa wake. Bonge la mita mbili linachukua muda mara nne ya bonge la mita moja, la mita kumi mara mia. Kwa hiyo kipande chako kidogo kikitoa mafuta kwa siku tatu usiende kuwaambia watu hifadhi itatoa kwa miezi mitatu.

Hatua ya 4: Fungua njia karibu na kisima

Asidi ni kongwe kwenye kazi hii, Herman Frasch alipata hataza yake Marekani mwaka 1896. Haidrokloriki inakula chokaa, inabaki chumvi ya kalsiamu, maji na gesi ya kabonidaioksaidi. Dondoshea ndimu au siki kwenye jiwe la Songwe utasikia linachemka, ni ndugu wa jambo hilo hilo. Mita moja ya ujazo ya asidi ya asilimia 15 inayeyusha kama kilo 220 za chokaa. Tafadhali msijaribu na maji ya betri, ile ni salfuriki, ni hatari, na isitoshe ikigusa chokaa inatengeneza jasi inayoganda juu ya jiwe na kuziba, ndo maana hata kwenye visima vya chokaa hawaitumii.

Ujanja uko kwenye mwendo wa pampu. Ukipampu taratibu mno asidi inaishia mlangoni, inakula uso wa kisima tu. Ukipampu kwa mwendo unaofaa inachimba njia nyembamba ndefu, kama mchwa kwenye nguzo, na asidi kidogo inafika mbali. Ukizidisha inatawanyika kwenye vitawi vingi. Mwendo unaofaa unatafutwa maabara kwa jiwe lako na joto lako, dolomaiti inajibu taratibu zaidi kwa hiyo usinakili namba ya chokaa. Kwenye mwamba uliobana sana unaweza ukakuta huo mwendo haufikiki bila kuupasua mwamba, basi hapo uamue kupasua kwa makusudi na kuziacha kuta zikiwa zimeliwa vibaya vibaya ili zisifungane. Kwenye chaki laini hata hivyo zinaweza kufungana, kuta zinasagika, na ndo maana wengine wanaweka mchanga wa kushikilia ufa.

Kabla hujapampu: kinga ya kutu kwa bomba la chuma, jaribio la kuchanganya asidi na mafuta ghafi kwenye chupa uone kama yanatengeneza uji mzito, na kizuizi cha muda kwenye sehemu zinazopitisha sana ili asidi iende na zile zilizobana. Na usalama. Hifadhi nyingi za chokaa zina gesi ya haidrojeni salfaidi, na asidi ikikuta kutu yenye salfa inaiachia. Inaua haraka. Vifaa vya kuitambua viwe vinafanya kazi, upepo ujulikane unaenda wapi, nisisikie mtu anasema ni kazi ndogo.

Hatua ya 5: Sogeza kituo cha kununulia

Kama mafuta yanatembea mita chache kwa shida, usiyangojee mbali. Visima vya mlalo vimebadilisha kabisa hifadhi za chaki za Denmark. Halfdan, iliyogunduliwa 1999 Bahari ya Kaskazini, ni mfano mzuri sana: visima virefu vya mlalo vimelazwa sambamba, kimoja cha kutoa mafuta kinachofuata cha kusukuma maji, umbali kati yao takriban mita 180. Maji yanasukumwa kwa mpango ili mwamba upasuke kufuata mstari wa kisima chenyewe, maji yakaenda kama ukuta mmoja kuelekea jirani badala ya kuchomoza kidole kimoja. Angalia walivyofikiri. Ufa ni ule ule uliotuumiza sisi kwenye hatua ya pili, wao wameuelekeza.

Kujua mwamba unapasuka kwenye presha gani, ongeza mwendo wa maji kwa ngazi, kila ngazi muda sawa, chora presha dhidi ya mwendo. Mstari unapanda, ukifika mahali unalala, hapo mwamba umefunguka. Bila huo mchoro unapampu gizani.

Hatua ya 6: Maji, lakini maji gani

Ekofisk ya Norway iligunduliwa 1969 ikaanza kutoa 1971. Ni chaki, vitundu vingi sana lakini mwamba wenyewe una milidasi chache, ila nyufa zipo na jiwe kwa sehemu kubwa linapenda maji. Mwanzoni walitegemea kutoa chini ya moja ya tano ya mafuta yaliyopo. Mwaka 1984 wakagundua sakafu ya bahari inadidimia, kwa sababu presha ilishuka na chaki ikajibana, 1987 wakanyanyua majukwaa mita 6 kwa jeki, na mwaka huo huo wakaanza kusukuma maji kwa kiwango kikubwa. Sasa hivi matarajio ni karibu nusu ya mafuta. Ni lile andazi letu, ila kwa kiwango cha bahari. Na bado kuna funzo la pili, maji yenyewe yanailainisha chaki, kwa hiyo kudidimia hakukuisha pale pale presha iliporudi.

Sasa kama jiwe lako linapenda mafuta, maji ya kawaida hayatoshi. Hapa ndo wanapoingia watafiti wa Stavanger kule Norway na wengine walioonyesha kwamba salfeti, kalsiamu na magnesiamu za maji ya bahari zinaweza kuzibandua zile asidi kwenye ukuta wa jiwe, hasa joto likiwa juu, kama nyuzi 90 na kuendelea. Wengine wanapunguza chumvi. Nakubali kazi hiyo ila nawaonya vijana: inafanya kazi kwenye baadhi ya mawe, kwenye mengine haifanyi, na jibu liko kwenye jiwe lako. Pia salfeti hiyo hiyo ikikutana na bariamu au kalsiamu nyingi kwenye maji ya mwamba inaganda na kuziba, na kuna bakteria wanaoila na kutoa haidrojeni salfaidi. Changanya maji yote mawili kwenye chupa kwanza kwa joto husika. Jaribio la chupa ni bei ndogo mno.

Kwenye mwamba wa milidasi moja uchafu mdogo unaziba haraka, kwa hiyo maji yachujwe vizuri, oksijeni itolewe. Na kama nyufa ni nyingi usiwe na haraka, wape mabonge muda wa kunywa. Kuna wanaosukuma, wanapumzika, wanasukuma tena, na kwa mwamba wa namna hiyo naliona ni wazo zuri.

Hatua ya 7: Gesi

Gesi ni nyepesi, inaingia kwenye vitundu ambavyo maji yanagoma. Kabonidaioksaidi ina faida ya ziada, inayavimbisha mafuta na kuyafanya mepesi, na presha ikifika kiwango fulani inachanganyika nayo kabisa. SACROC kule Texas, hifadhi ya chokaa, walianza mwaka 1972.

Ninayopenda kufundishia ni Weyburn, Kanada. Ina tabaka mbili, la juu ni dolomaiti iliyobana, la chini ni chokaa yenye matundu na nyufa. Walisukuma maji tangu miaka ya 1960, maji yakapenda tabaka la chini, yakasafisha pale, la juu likabaki na mafuta yake. Mwaka 2000 wakaanza kusukuma kabonidaioksaidi iliyokuja kwa bomba la kilomita kama 320 kutoka kiwanda cha North Dakota, wakilenga hasa lile la juu. Unaona? Hawakusema tuongeze maji. Waliuliza mafuta yamebaki kijiji gani.

Tahadhari zake: gesi nayo inapenda lami, kwa hiyo wengi wanabadilishana maji na gesi kwa zamu. Ikichanganyika na maji inakuwa asidi, inakula bomba na inaweza kula na mwamba karibu na kisima. Na presha ya kuchanganyika ipimwe kwa mafuta yako, usichukue ya jirani.

Hatua ya 8: Sabuni na polima

Nitapita haraka. Sabuni za viwandani, safaktanti, zinaweza kugeuza jiwe lipende maji, zinafaa, lakini sehemu yake inanaswa kwenye mwamba na hela inabaki huko chini, pima kiasi kinachonaswa kabla ya kununua. Polima, dawa ya kuyafanya maji yawe mazito, kwenye milidasi moja mara nyingi haiingii kabisa, molekuli zake ni kubwa kuliko milango, mtu akikuletea mpango wa polima kwenye mwamba wa namna hii muulize swali hilo kwanza.

Hatua ya 9: Jaribu kisima kimoja, na uandike kabla

Usirukie hifadhi nzima. Kisima kimoja, halafu eneo dogo lenye visima vichache, halafu ndo utanue. Hesabu yake ni rahisi, kama hifadhi ina mapipa milioni 100 na mbinu yako inaongeza asilimia 5, hayo ni mapipa milioni 5, kila pipa lita 159, linganisha na gharama ya kisima, dawa, kuchuja maji na kutenganisha gesi inayorudi.

Kosa ninaloliona sana ni kuisifia dawa kwa mafuta ambayo yangetoka tu. Kabla hujaanza, chora mstari wa uzalishaji unavyoshuka, urefushe mbele kwa penseli kama vile hujafanya kitu, tia sahihi na tarehe. Baada ya kazi, kilicho juu ya mstari ndo chako, kilicho chini kilikuwa kinakuja chenyewe. Pima kila kisima na maji yake, fuatilia presha, fuatilia chumvi ya maji yanayotoka kwa sababu ikianza kufanana na ya maji unayosukuma ujue yamefika.

Yule kijana wa projekti nimemwambia aje na vitu vitatu Jumamosi: namba za jiwe lake zikiwa zimepimwa mara tatu tatu, picha za zile glasi mbili za kila asubuhi kwa wiki nzima, na ukurasa mmoja unaosema mafuta ya hifadhi aliyoichagua yamekwama kijiji gani na ni njia ipi kati ya zile tatu itakayoyatoa. Glasi ya alizeti ameniachia dirishani hapa, leo ni siku ya tisa, ina matone manne.